Vilivyobaki kwa Bahati: Safari ya Kutoka Mkoani hata Msitu wa Ngezi

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za msitu mdogo ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Kisiwa cha Pemba, nao waitwa Ngezi. Msitu huu una vijito vya maji baridi na miti mirefu, tena una ndege na wanyama ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Ukubwa wake ni hektari 1,440, yaani eka zipatazo 3,500. Kwa hesabu ya misitu ya bara hii si kitu. Lakini katika Pemba ndio msitu wa asili mkubwa kuliko yote iliyobaki. Na katika habari zake mna swali ambalo yampasa kila mwenye akili kujiuliza: kisiwa kizima kilikuwa na miti, na karibu miti yote imekatwa, basi msitu huu umebakije?

Sisi tulio walimu tumezoea kuwafundisha vijana tarehe za wafalme na za vita, na ni vema wazijue. Lakini msitu nao una tarehe zake, na mtu asiyezijua hudhani kwamba miti husimama kwa kuwa imepandwa na Mungu tu, na ya kuwa itasimama siku zote. Sivyo. Katika nchi wanakokaa watu wengi, msitu uliosimama una sababu ya kusimama, kama vile nyumba iliyosimama ilivyo na nguzo. Tukiijua nguzo tutajua kama ina nguvu au imeliwa na mchwa.

Safari yetu yaanza Mkoani, bandari ya kusini, ambako wengi wa wasafiri watokao Unguja hushuka melini. Mji wa Mkoani umekaa juu ya mtelemko, na mtu akisimama huko juu akaangalia bahari, huona mbele yake kisiwa kidogo kiitwacho Makoongwe. Jua likitua, kutoka visiwa kama hiki huinuka viumbe vyeusi, vimoja vimoja kwanza, kisha makundi, vikipiga mabawa polepole kama kunguru waliochoka. Hao ni popo wa Pemba. Mgeni aliyezoea popo wa darini hushangaa, kwa maana popo huyu, akikunjua mabawa yake, upana wake hupita futi tano. Uso wake ni kama wa mbweha, na manyoya yake ni ya rangi ya kutu. Hali wadudu, chakula chake ni matunda na maua, maembe na mashelisheli na kuyu. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1909, wakampa jina la Mdachi mmoja, Alfred Voeltzkow, aliyefika Pemba mwanzoni mwa karne ya ishirini kuchunguza wanyama. Lakini watu wa Pemba walimjua karne nyingi kabla ya hapo, wakamwita popo tu, wala hawakuwa na haja ya jina jingine.

Popo huyu ana ajabu moja ambayo yafaa tuieleze mapema, kwa sababu ndiyo ufunguo wa habari zote zifuatazo. Jamaa zake hawako bara ya Afrika. Ukiwatafuta Tanga, au Bagamoyo, au Mombasa, hutawaona. Wako Mafia, na Visiwa vya Ngazija, na Bukini, na Mauritius, hata Bara Hindi na mbali zaidi mashariki. Yaani popo wa Pemba amegeuzia bara mgongo, na uso wake umeelekea bahari kuu.

Sababu yake imo baharini. Kati ya Unguja na bara maji si marefu sana. Zamani za kale sana, wakati barafu nyingi ilipofunika nchi za kaskazini, maji ya bahari yalipungua yakashuka futi zipatazo 400 chini ya yalivyo sasa. Na katika siku hizo mtu au mnyama angaliweza kutoka bara hata Unguja kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake, na ina kima punju wake. Lakini kati ya Pemba na bara pana shimo la bahari lenye kina kinachopita futi 2,000. Maji yalipopungua huko kote, hapa hayakukauka. Pemba ilibaki kisiwa, imetengwa. Kilichotaka kufika Pemba kilikuwa hakina budi kuruka, au kuelea, au kuletwa na upepo, au baadaye kuchukuliwa na mwanadamu katika chombo chake. Na kilichofika kikakaa peke yake, karne baada ya karne, hata kikawa tofauti na ndugu zake kiliowaacha. Hivyo ndivyo kisiwa kilichochukua maili za mraba zipatazo 380 tu kilivyopata viumbe vyake chenyewe.

Basi sasa tuache bandari tushike njia ya kaskazini. Barabara yatoka Mkoani yaenda Chake Chake, kisha Wete, kisha Konde. Unguja ni nchi tambarare kwa sehemu kubwa, lakini Pemba ni vilima na mabonde, vilima na mabonde, kama kitambaa kilichokunjwakunjwa. Juu ya vilima mna mikarafuu na minazi na miembe. Chini mabondeni mna mpunga, na maji yatiririka kwenda kwenye hori za bahari zenye mikoko. Wasafiri wa Kiarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na hata leo mgeni hasemi vingine. Aona majani kila upande, akasema moyoni mwake, Nchi hii yote ni msitu.

Lakini mgeni huyo amedanganyika. Aliyoyaona si msitu, ni shamba. Karibu kila mti mkubwa auonao njiani umepandwa na mkono wa mtu, au umeachwa kwa kuwa una faida kwa mtu. Na hii si kazi ya jana. Watu wamekaa Pemba zaidi ya miaka 1,000. Huko Tumbe, na Ras Mkumbuu, na Chwaka, na Pujini, magofu na mabaki ya miji ya kale yaonyesha kwamba hapa palikuwa na wakulima na wavuvi na wafanya biashara tangu zamani za mbali. Wareno walipokaa Mombasa, tangu walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuwa wakitegemea mchele wa Pemba kwa chakula chao. Nchi ilikuwa imekwisha limwa mabondeni wakati huo. Hata hivyo, vilima vingi vilikuwa bado vina miti ya asili.

Kilichoviondolea vilima miti yake ni karafuu. Mkarafuu haukuwa mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali mashariki, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata 1856, aliona faida yake akawahimiza watu waupande. Mwanzoni Unguja ilikuwa mbele na Pemba nyuma. Kisha, katika mwezi wa Aprili mwaka 1872, ikaja tufani kubwa. Ilipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi mno, shamba kwa shamba, lakini Pemba haikupata madhara makubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye ardhi Pemba akataka kupanda zaidi. Miti ya vilimani ikaangushwa, ikachomwa, na mahali pake ikasimama mistari ya mikarafuu. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar yatoka Pemba, na hata leo ni vivyo hivyo.

Wala tusisahau kusema ni mikono ya nani iliyoiangusha miti hiyo. Wengi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, wakati wa Sultani Hamoud bin Mohammed. Kwa hiyo mashamba ya vilima vya Pemba, tunayoyasifu kwa uzuri wake, yalifunguliwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakupewa nafasi ya kukataa. Mwalimu afundishaye habari za karafuu akayaruka haya, hajafundisha.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Ikiwa karafuu ilipanda vilimani namna hiyo, kwa nini haikuingia Ngezi?

Jibu laonekana mtu afikapo huko. Ukipita Konde ukaelekea magharibi, vilima vyaisha. Nchi yashuka, yawa tambarare. Mahali pengine udongo ni mchanga mweupe usio na rutuba. Mahali pengine ni chini mno, na maji yasimama wakati wa mvua. Mkarafuu ni mti wa tabia ya kiungwana: wataka udongo wenye kina, na wachukia maji yaliyosimama miguuni pake. Ukiupanda katika mchanga mtupu hudhoofika, ukiupanda penye kinamasi hufa. Basi wenye mashamba walitazama Ngezi wakaona haifai. Hawakuuacha msitu kwa kuupenda. Waliuacha kwa kuwa haukuwa na faida kwao. Ngezi ilisalimika kwa ubaya wa ardhi yake. Na misitu mingine midogo iliyobaki kaskazini, kama Msitu Mkuu na ule wa Ras Kiuyu, nayo iko pembezoni, si katika vilima vya karafuu.

Jambo hili latupasa tulishike vizuri, maana ndiyo maana ya mazungumzo yetu. Nguzo ya kwanza iliyouegemeza msitu wa Ngezi ilikuwa bahati tu. Na bahati ni nguzo dhaifu. Haikupi habari siku itakapoondoka.

Tuingie sasa msituni. Barabara yenyewe yapita katikati, na mara mtu aingiapo huona mabadiliko: jua lapungua, hewa yawa baridi, na sauti za kijiji zakatika. Huko mvule husimama na msufi mwitu, na mizizi ya baadhi ya miti mikubwa imesimama kandokando ya shina kama mbao zilizoegemezwa ukutani. Chini yake yako maji. Vijito vya Ngezi si mito ya kutisha. Vyaenda polepole, maji yake ni ya rangi ya chai kwa ajili ya majani yaliyooza ndani yake, na mahali pengine vyatanda vikawa madimbwi. Kando ya maji humea miwale yenye makuti marefu mno, na mitomondo, ambayo maua yake huchanua usiku yakining'inia kama shanga, kisha asubuhi huanguka. Mtu apitaye mapema huyaona yameelea juu ya maji, meupe na mekundu, na kufika adhuhuri yamekwisha nyauka.

Hapo pia pana mpapindi. Huu ni mti wa jamaa ya minazi na mipopoo, mwembamba, wenye pete katika shina lake. Msomaji aweza kuupita asiujali. Lakini mpapindi ni wa Pemba peke yake, na ndugu zake wako Bukini na Ngazija. Hapa twaona tena habari ile ile ya popo: bahari imeunganisha Pemba na visiwa vya mbali, na imeitenga na bara iliyo karibu.

Na ndege vilevile. Pemba ina aina nne za ndege wasioonekana mahali pengine duniani. Wa kwanza ni ninga wa Pemba, njiwa wa rangi ya majani mabichi alaye matunda. Wa pili ni chozi wa Pemba, mdogo, ang'aaye kama chuma kilichosuguliwa, anyonyaye maji ya maua. Wa tatu ni ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, aliyepewa jina la J. H. Vaughan, mwanasheria aliyefanya kazi Unguja. Huyu aliandikwa mwaka 1924. Wa nne ni bundi mdogo, asiye mkubwa kuliko mkono wa mtu, ambaye mchana hajulikani alipo na usiku hutoa mlio mmoja mmoja kwa mapumziko. Bundi huyu aliandikwa mwaka 1937 na R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya wakati ule. Fikirini jambo hili, ninyi wanafunzi: watu wamekaa Pemba zaidi ya miaka 1,000, wakamsikia bundi huyu kila usiku, lakini jina lake liliingia katika vitabu vya elimu siku za babu zenu. Si kila kitu kilichoko karibu nasi kimekwisha andikwa.

Katika wanyama wako paa wadogo, na perere wapandao miti na kulia usiku kwa sauti kubwa isiyolingana na miili yao, na tumbili. Tena mwaka 1974 waliletwa kima punju wachache kutoka msitu wa Jozani, Unguja, wakaachwa Ngezi ili wazaane. Miaka ipatayo ishirini baadaye wataalamu walipowatafuta waliwakuta wachache tu. Hapa pana funzo. Kuchukua mnyama na kumtia msituni ni kazi ya siku chache. Kuufanya msitu kuwa kwake ni kazi nyingine kabisa. Lililokwisha potea halirudishwi kwa kapu.

Sasa, tumesema ya kwamba Ngezi iliachwa kwa kuwa haifai kwa karafuu. Lakini kitu kisichofaa kwa kazi moja chaweza kufaa kwa nyingine. Zamani za utawala wa Waingereza watu walitambua kwamba miti mikubwa ya Ngezi ni mbao nzuri. Misumeno ikaingia, na mabaki ya mtambo wa kupasulia mbao yangali yako msituni, yamefunikwa na kutu na majani. Miti mingi mizuri ilianguka wakati huo. Bahati ilikuwa imefika mwisho wake. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 serikali iliutenga msitu huu kwa sheria, ukawa hifadhi, na ukataji ukawekewa mipaka. Hiyo ndiyo nguzo ya pili: amri.

Amri ni bora kuliko bahati. Lakini amri nayo ina udhaifu wake. Askari wa msitu hawawezi kuwa kila mahali, na mtu anayekatazwa asielezwe sababu huona kwamba amenyang'anywa. Mama anayetafuta kuni za kupikia watoto wake, naye ameona matawi makavu ndani ya mpaka, hatafikiri habari za bundi wa mwaka 1937. Atafikiri habari za moto wake. Wala si haki kumlaumu. Ili kuona njia iliyo bora kuliko amri peke yake, yatupasa tuwarudie wale popo tuliowaacha Mkoani.

Popo hawa walikuwa wengi zamani. Lakini katika karne ya ishirini waliwindwa kwa ajili ya nyama, wakapigwa kwa bunduki mahali wanapolala, makundi kwa makundi. Na miti waliyoitegemea ilikatwa. Popo huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo akipungua hazidi upesi. Kufika miaka ya 1980 wachunguzi waliokuja kuwatafuta waliona wachache mno, na wakaogopa kwamba popo wa Pemba yu karibu kutoweka kabisa.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mauritius ilikuwa na aina ya popo wa jamaa hii hii, mdogo kidogo, naye alikwisha katika karne ya kumi na tisa. Na kabla yake, katika kisiwa hicho hicho, alikuwako ndege mkubwa asiyeruka aitwaye dodo. Waholanzi walifika huko mwaka 1598, na kabla ya miaka 100 kutimia dodo alikuwa hayupo tena. Kiumbe wa kisiwa ana nyumba moja tu. Akifukuzwa humo hana pa kwenda.

Walakini Pemba haikufuata njia ya Mauritius. Kwanza, ilikuwako desturi ya wazee. Popo wengi walikuwa wakilala katika miti mikubwa ya makaburi ya zamani, na watu wa Pemba hawakati ovyo miti iliyofunika makaburi. Ilikuwa heshima kwa wafu. Lakini ikawa hifadhi kwa walio hai. Pili, kuanzia miaka ya 1990, wenyeji wa vijiji kadha wa kadha, wakisaidiwa na idara ya misitu na chama cha kuhifadhi viumbe kutoka Uingereza, Fauna & Flora International, walifanya vikundi vya kuwalinda popo. Walikubaliana wenyewe kwamba mahali fulani hapapigwi bunduki wala hapakatwi mti. Mashuleni watoto walifundishwa kazi ya popo: kwamba hubeba mbegu za matunda na kuzitawanya, na huchukua unga wa maua kutoka mti hata mti, hivyo miti huzaa. Kule Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, na Kisiwa Panza upande wa kusini, wenyeji waliweka utaratibu wa kuwapokea wageni wajao kutazama, na ada itolewayo ikawa ya kijiji.

Wazee husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hawa waliweka daftari. Mwaka 1995 popo walipohesabiwa walikuwa kati ya 4,600 na 5,500. Mwaka 2007 walipohesabiwa tena walikuwa kati ya 18,200 na 22,100. Kwa miaka 12 wameongezeka karibu mara nne. Hatujui mifano mingi duniani ya kiumbe wa kisiwa aliyefika ukingoni mwa shimo kisha akarudi namna hii. Na hakurudi kwa bahati, wala kwa amri peke yake. Alirudi kwa mapatano.

Basi hiyo ndiyo nguzo ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu. Mwaka 1996 Zanzibar ilitunga sheria mpya ya misitu, na ndani yake mna kipengele kinachoruhusu watu wa kijiji kupatana na serikali juu ya msitu ulio karibu nao: sehemu gani itunzwe kabisa, sehemu gani itumiwe, nani akate nini na wakati gani. Sheria hiyo yampa mwanakijiji neno katika jambo ambalo zamani aliambiwa tu. Mtu huilinda mipaka aliyoichora mwenyewe kuliko ile aliyochorewa.

Je, yatosha? Tusijidanganye. Mwaka 2012 watu wa Pemba walikuwa 406,848. Katika hesabu ya mwaka 2022 walipita 540,000. Kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja. Kila nyumba mpya yataka nguzo na boriti, kila jiko lataka kuni au mkaa, kila kijana ataka shamba. Tena mkulima aliyeamka akakuta maembe yake yameliwa na popo usiku ana haki ya kunung'unika, na asemaye kwamba hapati hasara yo yote hajawahi kuwa na mwembe. Kuutunza msitu ni gharama, na gharama hiyo huwaangukia walio karibu nao zaidi kuliko walio mbali. Kwa hiyo faida nayo yapasa iwafikie walio karibu kwanza: ada ya wageni, kazi ya kuwaongoza, miche ya miti ya kupanda kwa kuni, na maji ya visima. Mapatano yenye mzigo upande mmoja na tunda upande wa pili hayadumu.

Mwalimu apendaye kuwapeleka wanafunzi wake Ngezi na ajue mambo machache. Ende kwanza kwenye ofisi ya msitu, iliyoko kando ya barabara, atoe ada, na apewe kiongozi. Kiongozi si mapambo. Yeye ndiye ajuaye mti gani una ninga na kijito gani kimejaa. Watoto wavae viatu, maana njia ina maji na miiba. Wasipige kelele, wasichume, wasirushe mawe. Na wawe na daftari na kalamu, kila mmoja aandike majina ya miti kama wenyeji wayatajavyo, kwa kuwa majina hayo yenyewe ni elimu ya wazee, nayo hupotea upesi kuliko miti. Atakaye kumsikia bundi aombe ruhusa ya kuingia jioni pamoja na kiongozi. Na walioko Mkoani wasiokuwa na nauli ya kwenda mbali, na wasimame juu ya mtelemko wa mji jua likitua, wawatazame popo wakitoka. Somo ni lile lile.

Tuliuliza mwanzoni, msitu huu umebakije? Sasa twaweza kujibu. Ulibaki kwanza kwa sababu hapana aliyeutaka, kisha kwa sababu ulikatazwa, na sasa unabaki kwa kadiri watu wa karibu nao wanavyokubali ubaki. Karafuu haikuuondoa, wala misumeno haikuumaliza. Kuni na nguzo na mashamba vyaweza kuumaliza, eka moja leo na eka moja kesho, pasipo tufani wala vita, wala tarehe ya kuandikwa kitabuni. Walio na neno juu ya jambo hilo si wageni wa meli. Ni watu wa Makangale na Tondooni na Konde, na watoto wao walioko darasani sasa.